Rebetiko ya Wagiriki: muziki uliotengenezwa safarini

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa msikilizaji wa santuri za zamani za Kigiriki, hasa za mtindo uitwao rebetiko, na kila ninapoutaja hukutana na jibu lile lile, kwamba ni ule muziki wa buzuki, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, unaopigiwa watalii huku sahani zikivunjwa. Jibu hilo halinikasirishi, kwa kuwa ndivyo muziki huu ulivyouzwa duniani tangu miaka ya 1960, ila linafunika habari kubwa. Nafungua uzi huu kueleza ninavyoielewa asili yake, na hoja yangu naiweka mezani mapema ili atakayetaka kuipinga aipinge: rebetiko haikuzaliwa Ugiriki, ikakomaa, kisha ikabebwa ng'ambo na wahamiaji. Uhamaji ndio ulioiunda. Ukiziondoa meli za wakimbizi, meli za wasaka kazi na makasha ya santuri yaliyovuka Atlantiki pande zote mbili, sioni kinachobaki cha kuitwa rebetiko.

Tuanzie Smyrna, mji ambao leo ni Izmir na uko Uturuki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa bandari kubwa ya Milki ya Osmani, na ndani yake waliishi Wagiriki wa Kiorthodoksi, Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na wafanyabiashara kutoka Ulaya. Muziki wa mikahawani ulifuata sura ya mji. Palikuwa na vikundi vya mandolini na magitaa vilivyoitwa estudiantina, vilivyopenda miondoko ya Kiitaliano, na palikuwa na mikahawa iliyoitwa kafe-aman, ambako fidla, udi, kanuni na santouri zilimsindikiza mwimbaji aliyepandisha na kushusha sauti kwa pumzi ndefu, akirudia neno aman baina ya mishororo. Uimbaji huo Wagiriki wanauita amanes. Msomaji wa Kiswahili ataitambua aman bila kamusi, maana ni amani yetu, isipokuwa katika kinywa cha mwimbaji wa Smyrna ilikuwa kilio cha mtu anayeomba ahurumiwe. (Na kwa kuwa nimeitaja santouri: kwao ni ala ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti viwili. Katika uzi huu, nikiandika santuri namaanisha sahani ya muziki kama tulivyozoea.)

Kampuni za Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikirekodi Smyrna na Istanbul hata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na neno rebetiko lenyewe limeonekana kwenye lebo za santuri za Istanbul za miaka hiyo. Asili ya neno hilo wataalamu wanaigombania hadi leo, nami sitaingia katika ugomvi huo. Linalonivutia ni kwamba neno ambalo leo linatajwa kama roho ya Athens na bandari yake, Piraeus, lilichapishwa kwenye santuri katika mji mkuu wa Sultani, na waliozinunua walikuwa raia wake.

Kisha likaja balaa la 1922. Jeshi la Ugiriki, lililokuwa limeteremka Smyrna mwaka 1919, lilishindwa na wanajeshi wa Mustafa Kemal; Waturuki waliingia mjini tarehe 9 Septemba 1922, na siku chache baadaye moto ulizuka ukateketeza mitaa ya Wagiriki na Waarmenia, huku watu wakiwa wamejazana gatini wakisubiri meli. Mnamo Januari 1923, huko Lausanne, serikali mbili zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Jumla ya Wakristo wapatao milioni 1.2 waliishia Ugiriki, nchi iliyokuwa na watu kama milioni 5 tu, na Waislamu zaidi ya 350,000 walipelekwa Uturuki. Kipimo hakikuwa lugha wala mapenzi ya mtu, kilikuwa dini. Kwa hiyo Wakristo wa ndani ya Anatolia, yaani upande wa Uturuki ulioko Asia, waliozungumza Kituruki majumbani mwao waliitwa Wagiriki wakahamishwa, na Waislamu wa Krete waliozungumza Kigiriki waliitwa Waturuki wakahamishwa vilevile.

Wakimbizi walisongamana kwenye vibanda vya Kokkinia na Drapetsona, pembeni mwa bandari ya Piraeus, na Nea Ionia kule Athens. Wenyeji wengi hawakuwapokea kama ndugu; waliwaita "mbegu za Kituruki", wakawaona washindani wa kazi na wa kura. Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo mafundi wa muziki waliosoma nota, waliojua maqamu, yaani njia za sauti za muziki wa Mashariki, na waliozoea kurekodi. Panagiotis Toundas na Spyros Peristeris, wote wazaliwa wa Smyrna, walikuja kuwa wakurugenzi wa muziki katika kampuni za santuri za Athens, yaani ndio walioamua nani aingie studio na nani abaki nje. Roza Eskenazi, Myahudi aliyezaliwa Istanbul, na Rita Abatzi, binti wa Smyrna, ndizo sauti za kike zilizouzwa kuliko nyingine zote katika miaka ya 1930. Mtu akiniambia kwamba hawa walikuwa mapambo tu ya muziki wa Kigiriki, namuuliza angependa kuyatoa mapambo hayo abaki na nini.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Hata hivyo nimewahi kusoma kwamba rebetiko ni muziki wa wavuta hashishi na wafungwa, na kwamba waasisi wake walikuwa vijana wa bandarini, wala hawakuwa wasomi wa nota kutoka Smyrna. Je, huoni kwamba unawapa wakimbizi sifa isiyo yao?

Mleta uzi

Swali lako ni zuri, na nusu yake nakubaliana nayo. Piraeus ilikuwa na mkondo wake. Palikuwa na vijiwe vya hashishi vilivyoitwa teke, neno ambalo kwa Waturuki lilimaanisha nyumba ya masufi, na humo ndani buzuki na baglama ndizo zilizotawala. Baglama ni buzuki iliyodumaa, ndogo kiasi cha kufichwa ndani ya koti askari akitokea, na wafungwa walikuwa wakizitengeneza wenyewe gerezani kwa vibuyu na vipande vya mbao. Waliokusanyika hapo waliitwa manges, na tafsiri iliyo karibu zaidi kwangu ni watoto wa mjini: watu wenye mwendo wao, mavazi yao, msimbo wao wa heshima na lugha yao ya mafumbo.

Lakini mtazame kiongozi wao. Markos Vamvakaris alizaliwa mwaka 1905 katika kisiwa cha Syros, katika familia ya Kikatoliki ndani ya nchi ya Waorthodoksi, akatoroka nyumbani akiwa na miaka 12 kuja Piraeus, akawa mbeba makaa bandarini na baadaye mchunaji ngozi machinjioni. Mwenyewe alisimulia kwamba alipomsikia mpigaji aliyeitwa Nikos Aivaliotis, aliapa kwamba asipojifunza buzuki ndani ya miezi sita ataukata mkono wake kwa shoka la machinjioni. Huyo Aivaliotis jina lake lina maana ya mtu wa Aivali, na Aivali ni mji wa pwani ya Asia Ndogo, leo Ayvalık nchini Uturuki. Aliyemwambukiza Markos ugonjwa wa buzuki alikuwa na jina la ng'ambo.

Mwaka 1934 Markos aliunda kundi la watu wanne lililojulikana kama Kundi la Wanne la Piraeus, pamoja na Giorgos Batis, Stratos Pagioumtzis na Anestis Delias. Stratos alitokea Ayvalık na Delias alitokea Smyrna. Ukihesabu, nusu ya bendi iliyoupa mtindo wa Piraeus sura yake ni watu wa ng'ambo ya pili ya bahari ya Aegea, na Markos naye, ingawa hakuvuka mpaka, alikuwa mhamiaji wa kisiwani.

Hata muziki wenyewe unasema hivyo. Wapigaji wa buzuki waliziita njia za sauti dromoi, maana yake barabara, lakini majina ya barabara hizo ni ya maqamu: rasti, hijazi, usaki, saba, huzamu. Ngoma ya zeibekiko, yenye mapigo 9, ambayo mwanamume huicheza peke yake akiinamia ardhi kana kwamba ametupa kitu, inabeba jina la Wazeibeki, wapiganaji wa magharibi mwa Anatolia. Hasapiko inatokana na neno la wachinjaji nyama wa Istanbul. Hivyo ndugu, vijana wa bandarini ni kweli walikuwapo, na hashishi ilikuwapo, ila kijiwe chao kilijengwa kwa matofali yaliyotoka mbali.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimefuatilia kwa makini. Umetaja mwanzoni santuri zilizovuka Atlantiki pande zote mbili. Kwamba wahamiaji wa Marekani walinunua santuri kutoka kwao naelewa. Kwamba Marekani iliathiri Ugiriki katika muziki wa watu maskini wa Piraeus, hapo naomba ushahidi.

Mleta uzi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nitakapokaa muda mrefu kidogo.

Mwaka 1893 serikali ya Ugiriki ilifilisika, na katika miaka hiyohiyo bei ya zabibu kavu, zao lililowalisha wakulima wa Peloponnese, ilianguka. Tangu hapo hadi 1924 Wagiriki zaidi ya 400,000 waliingia Marekani, karibu wote wanaume vijana, wakaenda kwenye viwanda vya nguo vya Lowell, reli za magharibi, mtaa wa Halsted kule Chicago na Barabara ya Nane ya New York. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikuja kuufunga mlango huo kwa kuwapa Wagiriki nafasi 100 tu kwa mwaka. Kwa hiyo palibaki kundi kubwa la watu wenye mishahara, wasio na familia karibu, na wasioweza kuwaleta jamaa zao kwa urahisi. Kampuni za Victor na Columbia ziliona biashara. Zilikuwa zikitengeneza mashine za kuchezea santuri, na mhamiaji hatanunua mashine kama hakuna santuri ya lugha yake.

Ndipo akatokea Marika Papagika, aliyezaliwa kisiwani Kos, akapitia Alexandria nchini Misri, akafika Marekani mwaka 1915. Kuanzia 1918 alirekodi nyimbo zaidi ya 200, mumewe Gus akimpigia ala ya kugonga ya jamii ya santouri. Mwaka 1925 walifungua klabu karibu na Barabara ya Nane, New York, katika enzi ambayo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini kote, na wateja walikuwa Wagiriki, Waarmenia, Waturuki, Wasiria na Wayahudi wa Milki iliyokwisha kufa. Kule kwao watu hao walikuwa wametoka kuchinjana. Klabu haikupona mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Santuri za Marika zimebaki, na ni nzuri mno. Anaimba taratibu, kwa sauti ya juu isiyotetereka, kama mtu anayesoma barua kwa niaba ya asiyejua kusoma.

Wapo pia wengine. Achilleas Poulos, mtu wa Anatolia, alirekodi wimbo kwa Kituruki ambao jina lake lina maana ya "Kwa nini nilikuja Amerika". Giorgos Katsaros, mpiga gitaa kutoka Amorgos, alizunguka majimbo ya Marekani na gitaa lake akiwaimbia Wagiriki popote walipojikusanya, na aliishi mpaka 1997 akiwa amevuka umri wa miaka 100. Mwaka 1927 Tetos Demetriades alirekodi New York wimbo uitwao Misirlou, maana yake mwanamke wa Misri, na jina hilo kila Mswahili analisikia lilivyo. Wimbo huo ndio ambao mwaka 1962 Dick Dale, mpiga gitaa la umeme wa California mwenye asili ya Lebanoni upande wa baba, aliugeuza kuwa muziki wa vijana wa ufukweni, akiutoa katika kumbukumbu za udi wa ukoo wake.

Sasa ushahidi ulioomba. Mwezi Januari 1932, New York, mhamiaji aliyeitwa Ioannis Halikias, ambaye Wamarekani walimwita Jack Gregory, alirekodi kwa Columbia wimbo wa buzuki usio na maneno, Minore tou Teke. Wakati huo kampuni za Athens hazikuwa na hamu na buzuki. Ilihesabika kuwa ala ya magerezani, na mafundi wa Smyrna waliokuwa wakurugenzi walipendelea fidla na kanuni. Santuri ya Halikias ilipofika Ugiriki iliuzwa kwa kasi ambayo haikutarajiwa. Kampuni nyingine zikaanza kutafuta mpigaji wa buzuki wa kushindana nayo, na Peristeris, yule mzaliwa wa Smyrna, ndiye aliyemvuta Markos studio. Santuri za kwanza za Markos zilifuata mara moja, na mwaka 1935 akatoa Frangosyriani, wimbo wa msichana Mkatoliki wa Syros, ambao mpaka leo kila Mgiriki anaujua.

Tafakari mlolongo huo: ala ya wahuni wa Piraeus ilidharauliwa Piraeus, ikarekodiwa New York na mhamiaji, ikarudi nyumbani ndani ya kasha, na mkimbizi wa Smyrna akaamua sasa inafaa. Ndiyo maana nasema uhamaji uliiunda. Kama mwaka 1932 ungemwambia mwenye duka la santuri wa Athens kwamba buzuki itakuwa alama ya taifa, angekucheka.

Mchangiaji kutoka Unguja

Assalamu alaikum. Umezitaja udi, kanuni na fidla, na majina ya rasti na hijazi. Hizo ni ala zetu na maqamu zetu za taarabu. Je, kuna undugu wa kweli, au ni kufanana tu kwa macho?

Mleta uzi

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Undugu upo, ila ni wa mababu. Taarabu ya Unguja ilichukua mfano Misri tangu enzi za Sultani Barghash, na Misri kwa karne nyingi ilikuwa chini ya Milki ileile iliyomlea mwimbaji wa Smyrna. Ala na maqamu zilitoka chemchemi moja, kisha mito ikatengana. Sijaona ushahidi kwamba msanii wa Unguja alijifunza kwa Mgiriki au Mgiriki kwa mtu wa Unguja, nami nisingependa tuutunge.

Kuna jambo jingine lililozileta karibu, nalo ni biashara. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni yenye nembo ya mbwa na mashine ya santuri, na kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiwarekodi waimbaji wa kikimbizi Athens katika miaka hiyo. Mahali pote ilitafuta kitu kimoja: sauti ambayo watu wa mjini wangeitambua kuwa yao na kuilipia.

Lakini undugu unaonifurahisha zaidi uko katika maneno. Kigiriki cha mitaani cha rebetiko kilijaa maneno yaliyopitia Kituruki kutoka Kiarabu, na sisi tuliyapata maneno hayohayo kupitia Bahari ya Hindi. Dunia kwao ni dounias, na kulalamikia uongo wa dounias ni mada isiyokwisha, kama ilivyo katika mashairi yetu. Habari ni hampari. Msafiri ni mousafiris, isipokuwa kwao ni mgeni aliyekwisha kufika sebuleni. Hali wanaitamka hali, wakikusudia hali mbaya peke yake. Haramu ni harami, na sanduku ni sentouki. Mara ya kwanza niliposikia dounias ikiimbwa nilidhani masikio yananidanganya, nikairudisha sindano nyuma mara tatu.

Maneno hayo, pamoja na sauti za amanes, yaliwatia aibu waheshimiwa. Baada ya Ioannis Metaxas kutwaa madaraka ya kidikteta tarehe 4 Agosti 1936, serikali yake iliweka udhibiti wa nyimbo. Kuanzia 1937 maneno yalipaswa kukaguliwa kabla ya kurekodiwa, nyimbo za hashishi zikakatazwa, na amanes ikafukuzwa kwa hoja kwamba ni ya Kituruki na haiwafai Wagiriki walioingia Ulaya. Chekesho ni kwamba upande wa pili wa bahari, mwaka 1934, Uturuki ilikuwa imeuondoa muziki wa jadi wa Kiosmani kwenye redio kwa karibu miaka miwili, kwa hoja kwamba ni wa Mashariki na hauwafai Waturuki walioingia Ulaya. Uimbaji mmoja ulikataliwa na mataifa mawili, kila moja likidai kwamba si wake.

Mchangiaji kutoka Lubumbashi

Mimi niko Katanga. Wazee wetu wanawakumbuka vizuri Wagiriki wenye maduka, na hata sasa wapo. Je, walileta muziki huu Kongo?

Mleta uzi

Ndugu wa Katanga, umeleta habari ambayo nilikuwa nikitamani mtu aiulize. Wagiriki walitawanyika Kongo, Tanganyika na kwingineko kama wafanyabiashara na wakulima, na majumbani na kwenye klabu zao walicheza santuri za kwao. Ila mchango wao kwa muziki wa Kongo ulikuwa mwingine, na nadhani ulikuwa mkubwa zaidi kuliko kama wangeleta buzuki. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nico Jéronimidis, alianzisha Léopoldville, leo Kinshasa, studio na lebo ya Ngoma, na humo ndimo Wendo Kolosoy alimorekodi Marie-Louise. Lebo ya Loningisa, ambako Franco alianza kurekodi akiwa kijana mdogo kabla ya kuanzishwa kwa OK Jazz mwaka 1956, ilikuwa ya Papadimitriou, Mgiriki mwingine. Opika ilikuwa ya ndugu wawili Wayahudi waliotokea kisiwa cha Rhodes.

Watu hao hawakuwalazimisha Wakongo kupiga hasapiko. Walijua kwa uzoefu wa kwao kwamba watu wa mji mpya, waliotoka vijiji mbalimbali, watanunua sauti yao wenyewe ikiwekwa kwenye sahani, na kwamba mashine iliyokaa dukani bila santuri za lugha ya wateja haiuziki. Ni biashara ileile ya Columbia na wahamiaji wa Chicago, ikafanywa kando ya mto Kongo na watoto wa wahamiaji.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Nimekubali kushindwa kwa nusu. Tafadhali malizia: ulikufa lini, na mtu anayeanza asikilize nini?

Mleta uzi

Vita viliukata mkono kwanza. Wajerumani na washirika wao waliikalia Ugiriki kuanzia 1941, kazi ya kurekodi ikasimama mpaka 1946, na njaa ya majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 iliangamiza watu wengi mjini Athens. Toundas alifariki 1942, Vangelis Papazoglou wa Smyrna 1943, na Delias aliyezama kwenye heroini alikutwa amekufa barabarani mwaka 1944. Baada ya vita uwanja ulikuwa wa Vassilis Tsitsanis, mzaliwa wa Trikala, ambaye alisafisha maneno, akaongeza uitikiaji wa sauti mbili, na mwaka 1948 akatoa Synnefiasmeni Kyriaki, Jumapili yenye mawingu. Mwaka uliofuata mtunzi Manos Hadjidakis alitoa mhadhara Athens akiwaambia wasomi kwamba muziki wanaoubeza una hadhi. Wasomi walisikia, na hapo ndipo ulipoanza kubadilika. Katika miaka ya 1950 Manolis Hiotis aliiongezea buzuki jozi ya nne ya nyuzi ili ipigwe kama gitaa, bei ya meza ikapanda, na wale wa machinjioni wakabaki nje ya mlango. Markos mwenyewe alikaa miaka mingi bila kazi ya maana, kabla ya vijana wa miaka ya 1960 kumtafuta upya.

Watu nao walizidi kuondoka. Mkataba wa 1960 na Ujerumani Magharibi uliwapeleka Wagiriki viwandani, wengine walikwenda Australia, na huko walimbeba Stelios Kazantzidis, mtoto wa wakimbizi wa Nea Ionia, aliyeimba maisha ya ugenini kuliko mtu yeyote. Buzuki nayo ilisafiri bila Wagiriki: katikati ya miaka ya 1960 Johnny Moynihan aliiingiza katika muziki wa jadi wa Ireland, na leo mafundi wa huko wana umbo lao wenyewe la ala hiyo, lenye mgongo bapa. Mwaka 2017 UNESCO iliiandika rebetiko katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa jina la Ugiriki peke yake.

Kwa anayeanza, nashauri asiziendee albamu za mkusanyiko zenye picha ya bahari kwenye jalada. Aanze na santuri yoyote ya Marika Papagika, afuate na amanes ya Rita Abatzi au ya Antonis Dalgas, kisha Minore tou Teke, kisha Frangosyriani, kwa mpangilio huo, usiku, bila kazi mkononi. Na asikilize zile sekunde ambazo mpigaji yuko peke yake. Katika santuri nyingi za miaka ya 1930 husikika mtu studioni akimpazia sauti na kumtakia afya kwa jina: "Geia sou, Marko mou!" Wenzetu wa Kongo wanaojua kurusha majina ndani ya wimbo hawatahitaji kutafsiriwa hapo.